Mita Sitini za Mkanda wa Nne

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba ule mfereji uliowagombanisha na jirani umeshazibuliwa na mtu mwenye akili kuwashinda nyote watatu. Sisi huku hatujambo. Mwanangu amehamishiwa zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo sasa tunaonana kama watu wa nyumba moja. Mjukuu ametimiza miaka saba. Meno mawili ya mbele yameng'oka na anapiga mluzi kila akisema "sukari", basi kutwa tunamsemesha sukari. Magoti yangu ni yale yale. Nikikaa kwenye cherehani kwa saa mbili, kuniinua ni kazi ya watu wawili.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Nilipiga mwezi uliopita nikakuuliza habari ya presha, ukanijibu "ndiyo, mvua" mara tatu. Miaka thelathini na moja kando ya mashine za sinema imekula masikio yako, acha tuendelee na barua.

Nina habari. "Ghala la Chumvi" inarudi. Mwanangu ameisoma kwenye simu yake: vijana wa hifadhi ya filamu wameupata mkanda wa awali, wameusafisha picha kwa picha, na mwezi wa Julai utaonyeshwa katika kumbi chache, siku saba tu, kisha unarudi kabatini. Wameandika kwamba ilitokana na michezo mitatu ya jukwaani ya marehemu Mwalimu. Hawakuandika nani aliicheza ile michezo kabla kamera haijafika. Mimi niliicheza yote mitatu, kwenye mabwalo ya shule na ya viwanda, na Mwalimu alipopata watu wa kuifanya filamu akanipa sehemu moja tu, fupi, kwenye mkanda wa nne wa filamu. Sikulalamika. Sehemu moja ilinitosha.

Mwanangu anataka twende. Nimemwambia siendi kutazama filamu ambayo simo. Anajua tu kwamba walinikata, hajui siku yenyewe ilivyokuwa. Wewe unaijua, ulikuwa juu kwenye chumba cha mashine. Nilikaa na wenzangu wanne wa kiwanda cha nguo, tangu asubuhi nimewaambia wasubiri mkanda wa nne. Kwenye pazia karani akaingia ofisini, na papo hapo akawa yuko nje barabarani. Mahali pangu palikuwa hapo katikati. Nilitoka kabla taa hazijawashwa.

Miaka arobaini na moja, Kaka, na bado nikisikia jina la Mwalimu nainuka naondoka. Kama sikuwa mzuri, angeniambia.

Msalimie wifi sana.

Mdogo wako,
Kengele


2 Aprili

Mdogo wangu Kengele,

Marahaba. Barua yako nimeipata, imechukua wiki mbili na nusu njiani na ina alama ya kikombe cha chai cha mtu wa posta. Mfereji umezibuka wenyewe kwa mvua, na sasa kila upande unadai umeshinda. Wifi yako ameipaka nyumba rangi ya kijani bila kuniuliza. Siku ya kwanza nikitoka dukani niliipita, nikafika kwa watu. Presha yangu inapanda na kushuka, lakini haijanidondosha.

Kuhusu hiyo filamu, nisikilize mimi mtu wa kazi. Mkanda wa zamani ukisafishwa hauwi ule tena. Weusi unageuka kijivu, na sauti inakuwa ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo. Halafu kumbi za siku hizi zina baridi ya kugandisha, magoti yako hayataiweza. Hapa kwetu wataionyesha kwenye ukumbi wa chuo, kwa sababu ukumbi wetu sasa ni duka la magodoro na chumba changu cha mashine wamekijaza mito. Mimi siendi. Na wewe nakushauri usiende. Mwambie mwanao hizo ni habari zilizopita.

Mwalimu naye tumwache apumzike. Filamu hukatwa kwa sababu nyingi, mara urefu, mara sauti. Haina maana kwamba mtu hakuwa mzuri. Wewe ulikuwa mzuri.

Kuna jambo la kazi ya mashine nilitaka kukueleza, lakini wifi yako ananiita nikamshikie ngazi. Sasa anataka na madirisha yawe ya kijani.

Nakusalimu,
Kaka yako


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Huku tu wazima. Jino moja limeanza kuchomoza na mluzi unapungua, tunasikitika. Nimepata kazi ya kushona sare za wauguzi mia moja na ishirini, zote mikono mifupi, namshukuru Mungu kwa hiyo mikono mifupi. Mwambie wifi kijani kinampendeza, asikusikilize.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeandika kwamba nilikuwa mzuri. Uliniona wapi? Hukuja kwenye mchezo wetu hata mmoja, kila jioni ulikuwa kazini na sikukulaumu. Na kwenye filamu sikuwemo. Sasa huo uzuri wangu uliuona wapi?

Nisingeuliza, ila kuna jambo jingine. Wale vijana wa hifadhi wameniandikia. Wananialika kama "mwigizaji wa filamu", na ndani ya bahasha wametia picha iliyotolewa kwenye mkanda wenyewe. Ni mimi. Nimekaa juu ya meza ya karani, nina ufagio mapajani, na sigara yake iko mdomoni mwangu. Wanasema sehemu yangu ni ya dakika mbili na sekunde kumi na moja, na kwamba watu waliokuwa hai wakati ule bado wanaikumbuka.

Wanaikumbukaje kitu kilichotupwa?

Nimeiweka picha juu ya cherehani nikashona sare nne nzima nikiitazama. Kisha nimeona nimuulize mtu wa kazi. Inawezekana mtu akatolewa kwenye filamu, halafu baada ya miaka arobaini akarudi mwenyewe? Na kama inawezekana, anatolewa wapi, na nani? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana sijui.

Filamu inaanza tarehe kumi na nne Julai. Ningependa jibu lako linifikie kabla sijakaa kwenye kiti.

Mdogo wako,
Kengele


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo na anakusalimu. Madirisha ni ya kijani. Najua umesubiri zaidi ya miezi miwili. Barua hii nimeiandika mara sita, na mara zote sita nimeanza na madirisha.

Uliuliza nilikuona wapi. Nilikuona kwenye balbu ya meza ya kukagulia, siku ya Jumamosi mikanda ilipofika. Kazi yetu ilikuwa hivi: mkanda hauingii kwenye mashine kabla hujaupitisha wote vidoleni, unauzungusha kwa mkono polepole ukitafuta palipochanika. Vidole vinaona kabla ya macho. Nilipofika mkanda wa nne niliuinua kwenye balbu kutazama kiungo kimoja cha gundi, na ukawa wewe, picha moja moja, ndogo kama stempu. Umekaa juu ya meza, unavuta sigara ya mwanamume, mdomo umeufungua wote unacheka.

Jana yake, Ijumaa, Baba alikuwa amesema mezani, "Jumapili naenda kuiona hiyo kazi yenu kwa macho yangu." Unakumbuka, wewe uliinuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo watu hawajamaliza kulia. Nilimjua Baba. Shangazi alikwenda dansi mara moja, hakusemeshwa miaka miwili.

Nilichukua mkasi. Mita sitini. Nikaziunganisha ncha zilizobaki kwa gundi, na nakuambia kweli, sijapata kuunga vizuri kama siku ile. Kiungo kilipita kwenye mashine bila mkanda kushtuka. Nilikusudia iwe kwa Jumapili ile tu. Ulikuwa umesema utakuja Jumatatu ukitoka kazini, nami ningekuwa nimeshakirudisha kipande mahali pake. Kumbe mlibadilisha, mkaja Jumapili. Nilikuona kwenye kidirisha ukitoka gizani umejishika mdomo.

Jumatatu nikasema nitarudisha kesho. Niliogopa mtu asije akasema, jana haikuwemo hii. Alhamisi gari likaja kuchukua mikanda, na kipande kikabaki kwangu. Nchi nzima walikuona, mdogo wangu. Ni ukumbi mmoja tu ambamo hukuonekana, na ni ukumbi wangu.

Halafu Mwalimu alikuja nyumbani na mchezo mpya chini ya kwapa, ukamwambia Mama aseme unaumwa. Mimi nilikuwa uani natengeneza baiskeli. Alisimama karibu yangu akapaza sauti usikie ndani, "Mwambieni alikuwa mzuri." Ningeweza kusema pale pale. Niliendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakaza.

Nakutumia kopo. Kipande kimo ndani, kinanuka siki, mikanda ya zamani huwa hivyo. Mwalimu hakukukata. Ni mimi. Nimeona aibu miaka arobaini na moja, na aibu hiyo haikukusaidia kitu.

Kaka yako


22 Julai

Kaka,

Hujaruka mstari. Salamu sijaandika.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya filamu na kopo siku moja kabla. Mwanangu aliponiona usoni akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, bado.

Tulienda siku ya tatu. Ukumbini tulikuwa watu kumi na mmoja, nimewahesabu kwa sababu sikuweza kutazama mbele. Baridi ilikuwepo, hapo hukusema uongo. Weusi ulikuwa mweusi na sauti haikuwa ya kwenye ndoo. Mkanda wa nne ukaja. Karani akaingia ofisini, na safari hii akanikuta. Nasema, "Nafagia humu mwaka wa sita, najua kilichomo," namtoa sigara mdomoni, navuta, kisha nacheka. Basi, ndiyo hivyo tu. Lakini yule msichana anajua anachofanya, Kaka. Nilimtazama kama mtoto wa watu, nikamwonea wivu. Mtu mmoja nyuma yangu, asiyenijua, akacheka pamoja naye. Mjukuu akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Bibi, mbona unavuta sigara?" Nikamvuta mapajani huku nalia.

Kesho yake nilikwenda kwa mjane wa Mwalimu. Anakaa mji huu huu. Miaka tisa naujua mlango wake, na miaka tisa nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Mumewe alipofariki nilipata habari siku ile ile, nikaendelea kupinda suruali ya mteja. Sasa haoni vizuri. Nilipomtajia jina langu aliwaza kidogo, akauliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unaumwa? Ulipona?" Nikamwambia nilipona. Akasema Mwalimu aliurudisha ule mchezo mpya kwenye droo, kwa kuwa aliuandika kwa sauti yangu na hakumpata mwingine. Nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri tu bila kujua namwomba radhi kwa jambo gani, na mimi sikumweleza. Wewe ndiye utakayemweleza.

Nimemchukia mtu mwema miaka arobaini na moja. Hiyo chuki niliipika mwenyewe, sikuangalia ndani ya sufuria, na siwezi kukubebesha yote. Lakini kuni zilikuwa zako.

Habari ya Mama sitaisema leo. Miaka kumi na moja nilimwosha miguu ile isiyombeba nikijiambia sina pa kwenda. Leo sina adabu ya kutosha kuizungumza.

Nina swali moja tu, na usinijibu kwa rangi ya nyumba. Nikiwa ng'ambo ya barabara nilimwona Baba akitoka ukumbini, akapita mlangoni ulipokuwa umesimama. Tangu siku ile hakutaja filamu wala michezo mpaka anakufa. Mimi nilidhani amefurahi kwamba nimekatwa, nikala naye meza moja na hilo donge. Alikuambia nini?

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Barua ya mwisho sikuandika yote. Nilidhani nikikupa nusu itatosha, na nusu nyingine nitakufa nayo.

Baba hakuja peke yake. Alikuja na wenzake wawili wa karakana, wamenyoa ndevu, na yeye amevaa shati lake jeupe alilolivaa siku ya harusi yake na Mama. Nilishuka nimwingize bure kama kawaida. Akakataa. Akaenda dirishani akanunua tiketi tatu, akanionyesha. "Leo nalipa," akasema. "Mwanangu yumo."

Wakati huo filamu ilikuwa haijaanza. Mkanda wa nne ulikuwa juu ya meza na kipande chako pembeni yake. Kukirudisha ni kazi ya dakika tano, na nilikuwa na saa nzima kabla zamu ya mkanda huo haijafika. Nikapanda juu, nikawasha mashine, nikakaa. Kupitia kidirisha nilimwona Baba. Kila msichana akitokea, anawainamia wenzake na kutikisa kichwa, si huyu. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilikuwa nawaza, akikuona na kufurahi utaondoka na kundi la Mwalimu, Baba mwenyewe atakubebea sanduku mpaka stendi, na Mama na miguu yake wataniangukia mimi. Niliwaza kwa maneno hayo hayo. Kumwogopa Baba kulikuwa kwa Jumamosi. Ya Jumapili haikuwa woga wa Baba, na nilijua hivyo nikiwa nimekaa pale.

Alitoka wa mwisho, wenzake wametangulia. Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikamwambia, "Wamemkata."

Akaziangalia zile tiketi. Akasema, "Basi tusimtajie. Ataumia." Akazitia mfukoni akaenda zake, na hakutaja tena mpaka anakufa, kama ulivyosema mwenyewe.

Kwa mjane wa Mwalimu nitakwenda siku utakayosema. Filamu sikwenda kuiona. Kutoka hapa mpaka chuoni ni mwendo wa dakika kumi, na siku saba zimepita nimekaa sebuleni nimevaa viatu.

Kaka yako


19 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Neno hilo limenichukua wiki nzima, usilione jepesi. Huku tuko wazima. Jino limetoka lote, sukari sasa inasikika kama sukari. Sare zimekwisha. Wifi nimemwandikia barua yake mwenyewe, usiifungue.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukaanza kutafuta msamaha katikati ya mistari. Nimekaa na maneno ya Baba siku zote hizi, nikiwa na uzi mdomoni. Mimi nilidhani ananionea aibu, kumbe yeye alidhani ananisitiri. Tulikula hivyo miaka kumi na tatu, kila mmoja amenyamaza kwa ajili ya mwenzake, na wewe umekaa katikati yetu unatupitishia chumvi.

Kopo nimelifungua. Nimekipima kipande kwa tepu yangu ya kazi: mita hamsini na tisa na nusu. Mkono wako ulikuwa mzuri.

Njoo mwezi ujao, kabla mvua hazijaanza. Siku ya kwanza nitakupeleka kwa mjane wa Mwalimu. Utaingia peke yako, mimi nitakaa barazani mpaka umalize kumweleza yote mawili, ya Jumamosi na ya Jumapili. Siku ya pili tutatazama. Wale vijana wa hifadhi wamenipa nakala ya sehemu yangu, na mwanangu ameshaniwekea kwenye televisheni. Wewe hujawahi kuniona humo nikitembea, umeniona nimesimama tu kwenye balbu. Nitakuweka kiti cha mbele.

Utaniona naingia na ufagio, nakaa mezani, namnyang'anya yule bwana sigara. Utaniona nafungua mdomo. Kicheko chenyewe, kile ulichonipa jina la Kengele kwa ajili yake, hutakisikia, masikio yako hayafai tena, na mimi sitakusimulia.

Mdogo wako